Siku tisa kwenye kitanda cha ukutani: kisa cha mgonjwa aliyefariki bila ndugu

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wajitoleaji wanaokaa na wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Jina la mgonjwa, hospitali na kijiji vimeondolewa, na baadhi ya vitu vidogo vimebadilishwa ili asitambulike.

Usuli

Mzee wa miaka takriban 80 aliletwa mapokezi ya hospitali ya rufaa katika mkoa wenye mashamba ya mkonge. Ilikuwa Jumatatu mchana. Alikuja amelazwa nyuma ya bajaji, na aliyemleta ni mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alisaini, akaacha shilingi 10,000 na kiroba chenye shati mbili, kikoi na simu ya kitochi, akawahi gari la kurudi.

Mzee alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Miguu ilikuwa haina nguvu, njia ya mkojo imeziba, na figo zimeelemewa. Aliwekwa mpira wa mkojo, lakini vipimo vya figo havikurudi chini. Ili kuzizibua ilibidi apelekwe hospitali nyingine mbali, kwa faida ya wiki chache. Siku ya pili daktari alimweleza hayo, naye akasema hataki kusafirishwa tena. Timu ikaamua tiba shufaa pale pale: maumivu yadhibitiwe, asisumbuliwe na vipimo vipya.

Kwenye jalada, mbele ya maneno “ndugu wa karibu”, karani aliandika “hana”. Hilo neno moja ndilo lililoendesha kisa chote.

Asiyefanya kazi katika wodi zetu huenda asione uzito wake. Mpango wa kukaa na wanaofariki bila mtu unafahamika zaidi kutoka Marekani, ambako muuguzi Sandra Clarke aliuanzisha mwaka 2001 katika hospitali ya Sacred Heart, mjini Eugene, Oregon. Kule mjitoleaji anakuja kukaa tu, kwa sababu kuogesha, kulisha na kubadilisha shuka kuna waajiriwa wake. Kwetu kazi hizo ni za ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji saa 12 asubuhi, anayefua, anayekwenda dirishani kuchukua dawa, anayekimbilia maabara, anayemwamsha muuguzi dripu ikiisha. Mgonjwa asiye na ndugu amekosa mikono kabla hajakosa maliwazo. Katika wodi hii ya wanaume usiku kulikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa 38.

Yaliyotokea, kwa mfululizo

*Siku ya 1 na ya 2.* Mzee alizungumza Kiswahili kizuri, cha watu wa mashambani. Ofisa ustawi wa jamii alijaza fomu ya msamaha wa gharama, akapiga namba zote 11 zilizokuwemo kwenye kitochi. Saba hazikupatikana. Zilizopokelewa zilikuwa za muuza duka, fundi baiskeli, bodaboda, na mwenyekiti yuleyule. Mzee aliulizwa: Una mtoto? Una kaka? Una mtu wa kukuchukua? Alijibu “sina” mara tatu. Fomu ikafungwa.

*Siku ya 3.* Sista incharji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, aliwaita wajitoleaji. Walikuwa 14: wauguzi wastaafu watatu, akina mama watano wa jumuiya ya kanisa, watu wawili wa msikiti wa jirani, na wanafunzi wanne wa uuguzi. Siku iligawanywa katika zamu 7. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni zamu nne za saa tatu tatu, na usiku zamu tatu za saa nne nne, yaani zikipishana saa 4 usiku na saa 8 usiku. Kila mmoja alikabidhiwa mfuko wenye glovu, gozi, vaselini, chupa ya maji safi, shuka, tochi na daftari. Katika daftari aliandika saa, hali ya mgonjwa, alichofanya, na alichomwambia muuguzi.

Kazi zao zilikuwa nne tu. Kulowesha mdomo kwa gozi kila baada ya saa mbili na kupaka midomo vaselini. Kumsaidia muuguzi kumgeuza kila saa mbili, mto ukiwekwa katikati ya magoti. Kuangalia dalili za maumivu: kukunja paji la uso, kuguna akiguswa, kushika shuka. Na kukaa pale. Dawa, chakula na mpira wa mkojo havikuwa vyao.

*Siku ya 4.* Saa 1 asubuhi mama mmoja, kwa huruma kabisa, alimpa mzee uji kwa kijiko akiwa nusu amelala. Kijiko cha tatu kilimpalia. Alikohoa kwa muda mrefu, akabadilika rangi, na usiku ule homa ikapanda. Juu ya kitanda kulikuwa na karatasi ya kukataza, ila ilikuwa na herufi tatu za kidaktari, za Kiingereza. Aliyekuwa na kijiko alidhani ni namba ya kitanda.

*Usiku wa kuamkia siku ya 5.* Kwenye daftari, mwandiko wa mjitoleaji wa zamu ya saa 4: “Anasema mawe. Mawe. Anarudia.” Mwandiko uliofuata, saa 9 usiku: “Bado analalamikia mawe, anataka kuinuka.” Asubuhi tabibu wa zamu alisoma daftari, akaona figo zina shida, akaandika apimwe mawe kwenye figo. Ilikuwa fikra ya maana kwa mtu aliyesoma jalada peke yake. Mzee alipelekwa kwa kitanda cha magurudumu hadi chumba cha kipimo, akakaa kwenye korido saa moja na nusu, akarudishwa. Hayakuonekana mawe. Ndio usumbufu hasa ambao siku ya pili uliamuliwa asifanyiwe.

Siku hiyohiyo mikono yake ilianza kurukaruka. Mtu wa zamu aliandika “degedege”, lakini kwa bahati njema aliandika pia saa: 4:20, 4:50, 5:05, 5:30, na kwamba kila safari ni mruko mmoja mmoja wa mkono au bega, macho yakiwa yanamfuata. Muuguzi wa tiba shufaa alipoona ule mpangilio alitambua kuwa chanzo ni mofini, dawa kali ya maumivu. Mzee alikuwa anapewa mofini ya maji, miligramu 5 kila saa 4, kipimo cha kawaida kwa mtu mwenye figo nzima. Figo zikishindwa, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, yakaleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa na mirukoruko hiyo. Kipimo kilishushwa hadi miligramu 2.5 kila saa 8, maumivu yakichunguzwa kati ya dozi. Kufikia jioni ya siku ya 6 mikono ilikuwa imetulia.

*Siku ya 6.* Mzee alisema tena “mawe”. Mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha tatu aligeuka, akasema: “Huyo si mawe. Huyo ni Mrundi, anamwita mama yake.”

Kwa Kirundi, *mawe* ni mama yangu.

Ghafla mambo yakapangika. Mashamba ya mkonge ya ukanda ule yalijengwa na watu wa mbali. Tangu 1944 chombo cha waajiri kilichoitwa SILABU kilikuwa kikiandikisha vibarua kutoka Kigoma, Songea, Iringa, Urundi (Burundi ya leo) na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960 wengi walibaki kambini, na wengine hawakupata nauli ya kurudi hadi leo. Mzee huyu alikuja kijana, akakata mkonge, akazeeka palepale. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini. Sumu ya figo ilipopanda kichwani, lugha ya kazini ndiyo iliyoondoka kwanza.

*Siku ya 7.* Mwanamke wa kitanda cha tatu alimtafuta mama muuza dagaa sokoni, mzaliwa wa upande wa mpakani, anayesema Kirundi. Alikaa na mzee kwa dakika 50. Kilichoandikwa daftarini ni kifupi. Alimwamkia kwa Kirundi, mzee akafumbua macho, akamshika kidole cha shahada, akakikamata muda wote. Alitaja jina la baba yake na la mlima wao, kwani Mrundi akiulizwa kwao hutaja mlima. Alitaja jina la ubatizo. Alipoulizwa akifa azikwe wapi, alijibu: “Na wenzangu.” Mama akauliza wenzake ni akina nani. Akataja kambi.

*Siku ya 8.* Hakumeza tena. Mofini alidondoshewa na muuguzi ndani ya shavu, kidogo kidogo, hizo miligramu 2.5, akiwa amelalia ubavu. Magoti yakaanza kuwa na mabaka ya zambarau. Jioni mkoromo ukaanza. Mwanafunzi wa zamu ya saa 12 alitoka nje akilia baada ya dakika 20, akapokelewa na muuguzi mstaafu. Mzee aligeuzwa ubavu, kichwa kikainuliwa kidogo, akachomwa haiosini, dawa ya kupunguza mate, miligramu 20. Sauti ilipungua bila kuisha. Hakufyonzwa kooni kwa mrija, kwani mate yanayokoroma yako chini kuliko mrija unavyofika, na kusukuma mrija huko ni kumtesa.

*Siku ya 9.* Pumzi zikawa za mafungu: pumzi nzito kadhaa, kisha kimya cha sekunde 20, baadaye 35. Zamu ya saa 8 usiku hadi saa 12 ilikuwa ya mtu anayekaa kilomita sita kutoka hospitali. Hakupata usafiri. Aliyekuwepo alimsubiri hadi saa 9 kasoro, akaondoka na mume wake aliyekuja kumchukua kwa pikipiki. Alimwambia muuguzi, lakini muuguzi alikuwa na mgonjwa anayetapika damu. Saa 9:25 usiku mwanamke wa kitanda cha tatu aliamka, akasikia kimya hakimaliziki. Daktari alithibitisha kifo saa 9:50.

Maamuzi, na sababu zake

Kubwa kuliko yote lilikuwa kutompeleka popote, na lilifanywa vizuri: aliulizwa akiwa na akili timamu, kwa lugha anayoielewa, na jibu likaandikwa.

La dini lilikuwa gumu. Jalada lilikuwa na jina la Kiislamu, mahali pa dini pameachwa wazi. Siku ya 3 na ya 4 ndugu wa msikitini walimsomea Yasini, wakaomba kitanda kigeuzwe kidogo ili wakimlaza ubavu wa kulia aelekee kibla, ambayo kwa pwani yetu ni kaskazini. Siku ya 7 likajitokeza jina la ubatizo. Akina mama wa kanisa wakauliza kama wamwite padri kwa mpako wa wagonjwa. Sista incharji aliamua asifanyiwe ibada yoyote kwa sauti kitandani mpaka ijulikane. Kila mmoja amwombee moyoni. Mwenyekiti wa kitongoji alipopigiwa simu alisema mzee alikuwa akienda Ijumaa, miguu ilipokuwa na nguvu.

Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi? Kwa maoni ya walioandika hapa, ulikuwa wa salama kuliko ulivyokuwa wa haki. Mashambani watu wengi wamesilimu au wamebatizwa kwa ajili ya ndoa, kazi au majirani, na wanabeba vyote viwili bila taabu. Swali “wewe ni dini gani?” linamtaka achague. Lingefaa zaidi: “Ukiumwa nyumbani, nani huja kukuombea?” Hilo linajibika na mtu yeyote, na lingejibika siku ya 1.

Matokeo

Wosia wa “na wenzangu” uliandikwa kwenye daftari la wajitoleaji. Daftari si hati ya hospitali. Mwili uliposhuka mochwari ulikwenda na fomu yenye neno “hana”, ukaingizwa kwenye orodha ya miili ya kuzikwa na halmashauri. Siku ya 12 ofisa ustawi alipokuwa akichukua daftari ili kulihifadhi, alilisoma. Alimpigia mwenyekiti. Siku ya 14 watu tisa walikuja na Canter ya kukodi, wakiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, wakapewa kibali cha mazishi, wakamchukua. Alizikwa kwenye makaburi ya manamba, nyuma ya kambi. Walimswalia wao.

Habari ya jina la baba na mlima ilipelekwa kwa Msalaba Mwekundu, wenye huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana. Majina mawili ya zaidi ya miaka 60 iliyopita ni kianzio chembamba, ila ni zaidi ya “hana”.

Uchambuzi

Jumla ya saa ambazo mzee alikuwa na mtu pembeni, tangu siku ya 3, zilizidi 120. Kati ya hizo, dakika 50 za muuza dagaa ndizo zilizotoa mahali pa kumzika, jina la baba na jina la kwao. Na dakika hizo zilikuja siku ya 7, akiwa tayari anaelea. Siku mbili za mwanzo, alipokuwa akizungumza vizuri, hakukuwa na mtu wa kukaa naye kwa sababu alikuwa “bado hajafikia hali hiyo”. Hapo ndipo kosa kuu lilipo. Mjitoleaji wa kwanza atumwe siku mgonjwa anapolazwa, wala asitumwe na fomu. Aende na chai ya rangi na kiti, akae saa nzima.

“Sina” ni jibu la swali moja. Aliulizwa mtoto, kaka na mtu wa kumchukua, maswali ambayo, ukiyatazama vizuri, yanatafuta mtu wa kulipa na mtu wa kubeba. Hakuna aliyeuliza: Umekuja huku lini? Ulikuja na nani? Ulikuwa ukikata mkonge na akina nani? Kwenu mlikuwa mnasema lugha gani? Kati ya namba nne zilizopokelewa, ya fundi baiskeli ilikuwa ya mwenzake wa kambini tangu zamani. Alipopokea simu aliulizwa “wewe ni ndugu yake?” akasema hapana, simu ikakatwa. Naye ndiye aliyekuja mbele kwenye Canter.

Daftari lilifanya kazi nzuri na mbaya. Lilipoandika tukio na saa, lilimwokoa mgonjwa na mofini iliyozidi. Lilipoandika tafsiri badala ya kilichosikika, lilimpeleka kwenye korido bure: “anasema mawe” ilikuwa kweli, “analalamikia mawe” ilikuwa hadithi ya mwandishi. Sheria ikawa kuandika neno kama lilivyotamkwa, hata kama halina maana, na kuuliza wodi nzima nani analijua. Wodi ya watu 38 na wanaowauguza ina lugha nyingi kuliko ofisi yoyote.

La uji lisihukumiwe kwa ukali. Kumwona mtu anakufa hajala ni jambo gumu kwa yeyote aliyelelewa kwetu. Anayezuia chakula anaonekana katili. Kuambiwa “usimlishe” hakutoshi. Mtu aelezwe kwamba mwili unaozima hauhisi njaa kama ya mzima, kwamba kinachomsumbua ni ukavu wa mdomo, kisha apewe kazi ya mikono badala ya kijiko: gozi iliyolowa, ikaminywa hadi isidondoke, ikapitishwa kwenye midomo, ndani ya mashavu na juu ya ulimi, halafu vaselini. Karatasi ya kitandani sasa inaandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: ASIPEWE KITU MDOMONI. MWITE MUUGUZI.

Mkoromo nao uelezwe kabla, na ikiwezekana mjitoleaji mpya aanze na zamu ya watu wawili. Sauti ile inamwumiza anayesikia kuliko anayekoroma. Aliyetoka akilia hakukosea lolote. Kosa lingekuwa kuacha kiti kitupu, nacho jioni ile hakikuachwa.

Kiti kilibaki kitupu siku ya 9, saa 9 usiku, na hilo lilikuwa kosa la ratiba. Kupishana saa 8 usiku kunapendeza kwenye karatasi. Katika mji ambao daladala zinakwisha mapema na bodaboda ya usiku ni gharama na hatari, hasa kwa mwanamke, zamu hiyo haina mtu. Kilichowekwa baadaye: wawili waingie pamoja kabla ya saa 2 usiku, walale hospitali kwa kupokezana, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye godoro katika chumba cha mafunzo, watoke saa 12. Na asiondoke mtu kabla mwenzake hajakaa. Akilazimika, amkabidhi kiti mtu mwenye jina, hata kama ni anayemuuguza mgonjwa wa kitanda jirani. Mwanamke wa kitanda cha tatu alikuwa mita tatu kutoka pale, na angekubali.

Kuhusu kuongea na asiyeitikia: utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, uliochapishwa 2020, ulipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokwisha kuacha kuitika, ukakuta kwa baadhi yao sauti bado inapokelewa. Kwa hiyo muuza dagaa angepaswa kuitwa tena siku ya 8 na ya 9. Hakuitwa, kwa kuwa ilidhaniwa kazi yake ya kutafsiri imekwisha.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Ukurasa wa kwanza wa daftari sasa una mistari sita: lugha ya nyumbani, jina aliloitwa na mama yake, alikuja na nani, nani humwombea, azikwe wapi, na nani aambiwe. Ukijazwa, nakala inagongwa muhuri na sista incharji na kuingia kwenye jalada siku hiyohiyo, ili ishuke mochwari pamoja na mwili. Mstari wa lugha ndio unaojazwa kwanza, kabla ya jina.